Baba Alipoishiwa Matusi

Den Haag, Jumatatu, 18 Novemba

Dada yangu mpendwa Toos,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu, wewe na shemeji na wale kondoo wenu ambao kila Krismasi mnatutumia picha zao kana kwamba ni wajukuu. Natumaini barua hii itawakuta salama huko Nyuzilandi na kwamba goti la shemeji limekubali kupona. Huku baridi imeshaingia, mvua inakuja kwa ubavu kama kawaida yake, na Baba anakusalimu. Amesema nikuambie kwamba yeye hana kosa. Hilo nitalifikia, kaa chini kwanza.

Najua unajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Kwenye simu unanikatiza, Dada. Tangu utotoni unanikatiza, na haya ya leo yanataka mtu anayenyamaza mpaka mwisho. Karatasi hainikatizi.

Baba amemtukana refa. Usicheke, maana najua unacheka. Ilikuwa Jumamosi ya tarehe mbili, timu ya wakongwe inacheza, Baba yuko kwenye dirisha la kantini ya klabu na koleo lake la chipsi mkononi. Refa alikuwa Wouter, mwalimu wa jiografia, mtu wa miaka thelathini na minne hivi, mpole, anayechezesha mechi zetu kila wiki bila kulipwa hata senti. Wouter akatoa penalti dhidi yetu. Ilikuwa penalti halali, hata kipa wetu alikubali. Lakini Baba akatoa kichwa dirishani na kupaza sauti mpaka shakwe wakaruka juu ya paa: “Kansa ikupate, wewe na filimbi yako!”

Wewe umeishi ugenini miaka ishirini na sita, huenda umesahau tulivyo. Huko kwenu mtu akikasirika hutaja mambo ya chumbani au ya chooni. Sisi hapa tunagawa magonjwa. Kifua kikuu kwa jirani, homa ya matumbo kwa dereva wa lori, tauni kwa serikali. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa na kipindupindu tu, na Jumapili alikipumzisha. Baba yeye alichagua mkubwa wao tangu ujana na hajawahi kumbadilisha. Skrubu ikigoma ni skrubu ya kansa, mvua ni mvua ya kansa, na kahawa ikipoa nayo haisalimiki. Kwenye tramu yangu siku hizi vijana wamevuka hata hapo, wanasema chipsi ni tamu ya kansa, yaani tamu mno, nami naendesha tu huku nimekaza meno. Si kwamba mimi ni malaika. Baiskeli ikinikatia njia pale penye kona ya sokoni, mdomo wangu nao unajua ulizaliwa nyumba gani.

Sasa shida ni hii. Wouter alimzika mama yake mwezi wa tisa, na alichomuua ni hicho hicho. Klabu nzima ilijua. Baba mwenyewe ndiye aliyekata mikate ya mazishi, akaipaka siagi yote peke yake, akarudi nyumbani akisema yule mama alikuwa mwanamke wa maana. Halafu wiki saba baadaye anamwombea mtoto wa huyo mama ugonjwa ule ule kwa sababu ya penalti!

Wouter alisimamisha mchezo. Akatembea taratibu mpaka dirishani, akasema, “Bwana Pronk, hebu rudia hayo maneno ukiniangalia machoni.” Unajua Baba hajaitwa Bwana Pronk na mtu yeyote isipokuwa watu wa kodi. Badala ya kuomba radhi palepale, jambo likaisha, akapunga koleo na kusema, “Ah, kuwa mtu wa kawaida bwana, ni maneno tu.” Wouter akaenda zake katikati ya uwanja, akamaliza mechi, akaondoka bila hata kunywa kahawa.

Jumatano yake Lineke, mwenyekiti wa klabu, alikuja nyumbani. Alikuja bila miadi, kwa hiyo nikajua jambo ni zito. Alikataa keki. Alisema ama Baba asimame kantini Jumamosi ya tarehe kumi na sita mbele ya watu wote amwombe Wouter radhi, ama arudishe funguo za kantini. Akasema hapendi kulisema hilo, lakini analisema.

Zile funguo, Dada. Amekuwa nazo miaka thelathini na moja. Zinaning'inia kwenye msumari kando ya picha ya Mama. Tangu Mama atutoke ndizo zinazomtoa kitandani, maana kuanzia Alhamisi anakwenda kuhesabu kroketi za kukaanga, Ijumaa anasugua makaango, na Jumamosi yenyewe yuko pale tangu saa moja asubuhi. Mtu wa miaka sabini na tisa ukimnyang'anya Jumamosi, utambakishia nini? Televisheni na mimi. Nami nakaa ghorofa ya juu yake, kwa hiyo ujue adhabu ile ilikuwa yangu pia.

Nikaanza kazi ya kumlainisha, na ninakuambia ukweli, heri ningepewa kazi ya kuihamisha bahari. Sikio la kufa halisikii dawa. Nilimwambia mtoto wa watu ana msiba. Akasema pole yake, yeye msiba huo aliukatia mikate. Nilimwambia maneno yanauma. Akasema neno halijawahi kumuua mtu, na kwamba bibi yetu alikuwa akimwita “wewe kifua kikuu” kabla hajakumbuka jina lake, na tazama, amefika sabini na tisa na mapafu mazima. Nilimwambia basi dunia imebadilika. Akajibu kwamba dunia ingekuwa na adabu ingemuuliza kwanza.

Siku nyingine nikamwambia achague kitu kingine cha kutukania. Nilijiona mjanja. Tukajaribu magonjwa ya zamani ambayo hayamgusi mtu hapa, ndui na kadhalika, akasema hayo ni matusi ya wazee wasio na meno. Nikamwambia basi tumia mboga. Kesho yake akajigonga kidole cha mguu kwenye mguu wa meza, nikamwona anafura, anageuka rangi, anatetemeka: “Ka... ka... kabichi!” Kisha akaninunia siku nzima. Alisema kidole kimeuma mara mbili, mara ya kwanza kwa meza na mara ya pili kwa kukosa neno lake. “Kabichi haipozi kidole, Corrie,” aliniambia. “Usinifanye mjinga.”

Nikamwandikia hotuba. Mistari minane, kwa herufi kubwa, maana miwani haipendi. Akabishana na kila mstari kama mwanasheria. Mstari wa kwanza ulikuwa mrefu. Wa pili ulikuwa na neno “najuta”, akauliza nani anasema najuta, mimi mfalme? Akataka iandikwe “samahani basi”. Nikamwambia ile “basi” itamfukuzisha. Jumanne nilikuwa na safari zangu za mjini, nikarudi mchana sina hata hali ya kuvua koti, nikamkuta ananisubiri ngazini na karatasi, analalamikia mstari wa tatu. Nilimwambia afute anachotaka. Akafuta mitatu.

Ndipo ikafika Jumamosi yenyewe. Kantini ilijaa kama siku ya ubingwa, makoti yamelowa, harufu ya mafuta ya chipsi, watu themanini wote wanajifanya wamekuja kunywa kahawa. Wouter alisimama karibu na mlango, hakuvua jaketi. Baba alivaa koti lake jeusi, lile la harusi na mazishi, amechana nywele kwa maji. Funguo alikuwa nazo mfukoni, alikuwa akizishika kila mara, nikasikia zinalia.

Lineke akampa maiki. Sijui kwa nini, chumba chenyewe kidogo na Baba ana sauti ya meli. Akafungua karatasi. Toos, alianza vizuri. Akasema jina la Wouter, akasema jina la mama yake, akasema kwamba lile alilolitamka pale dirishani halikustahili kumfikia mtu, sembuse mtu aliyetoka makaburini. Hata mimi nilishangaa, maana hilo la makaburini halikuwa langu, alikuwa ameliongeza mwenyewe. Nikaona mabega ya Wouter yanashuka. Nikajiambia tumevuka, Jumamosi zake zimepona.

Maiki ikapiga ukelele masikioni mwake, ule mkali unaotoboa kichwa. Na Baba, bila kufikiri, kwa mazoea ya miaka sabini, akaitazama na kusema moja kwa moja ndani yake, mpaka kwenye spika za uwanjani: “Maiki ya kansa hii!”

Nusu ya watu walicheka. Nami pia kicheko kilinipanda, Mungu anisamehe. Nusu nyingine walitazama sakafu. Wouter alivuta zipu ya jaketi mpaka kidevuni, akafungua mlango, upepo ukaingia, akatoka. Lineke alinyosha mkono tu. Baba akatoa funguo, akaziweka kwenye kiganja chake, akakunja karatasi mara nne na kuirudisha mfukoni ambamo funguo zilikuwa.

Tulirudi kwa baiskeli, upepo usoni, na njia nzima ananung'unika. Lineke hivi, maiki vile, siku hizi watu wamekuwa mayai. Tulipofika nikampandisha kwangu, nikaweka kahawa, nikaanza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Akaketi mahali pake pa siku zote, akagonga meza kwa kidole na kusema, “Yote haya kwa sababu ya neno. Neno tu, mwanangu. Limemfanya nini mtu?”

Dada, sasa shika kiti chako. Rudi mwanzo wa barua utaona nimekusalimu wewe, nimemsalimu shemeji, nimeuliza goti, na sikuandika kwamba mimi ni mzima wa afya kama tulivyofundishwa na Mama. Niliianza ile sentensi, nikaikata. Safari yangu ya Jumanne ilikuwa ya hospitali. Ni titi la kushoto. Daktari, mwanamke mmoja mwenye sauti ya kubembeleza mtoto, alilitaja lile neno taratibu, na mimi mtoto wa Aad Pronk niligeuka kutazama nyuma yangu nione nani kamkosea. Hapakuwa na mtu. Ilikuwa zamu yangu. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemrushia neno hilo hilo mtu wa baiskeli, nami ndani ya begi nina barua ya miadi.

Nilikaa nalo siku nne. Sikumwambia mtu, hata wewe, nisamehe. Kila nilipotaka kumwambia Baba nilisikia jinsi litakavyogonga ndani ya nyumba ile, mahali ambapo kila skrubu na kila kikombe kimeshaitwa hivyo. Ndiyo sababu nilipigana naye vile juu ya refa. Nilisema ni kwa ajili ya Wouter, nilisema ni kwa ajili ya funguo. Nilikuwa najitafutia mimi nyumba ambayo neno hilo lingeweza kusemwa mara moja likasikika.

Basi nikageuka na kikombe mkononi nikamwambia, “Liko kwangu, Baba. Tangu Jumanne. Si la kutukana, ni lenyewe.”

Akafungua mdomo. Niliisubiri mvua yake ya matusi, Toos, kwa kweli niliitamani. Nilitaka auapize ugonjwa ule kwa sauti ya dirishani mpaka shakwe waruke. Hakuna kilichotoka. Nikamwona anatafuta, macho yanakwenda huku na huku, maana ugonjwa utauapiza kwa neno gani wakati maisha yako yote umeapiza kwa huo huo? Akafunga mdomo. Akasimama, akaketi, akasimama tena, akashuka kwake na kahawa ameiacha imejaa.

Huko chini sikusikia televisheni wala mpira. Ninakiri nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika naye. Nilijiambia, tazama, mtu ana maneno ya kumpa refa, maiki na mvua, lakini binti yake hana hata pole ya kumpa.

Yaliyofuata sikuyaona, aliyenisimulia ni Wouter. Alinipigia simu jana alasiri. Alisema saa nne asubuhi kengele ililia, Jumapili, bila miadi, akafungua akamkuta Baba mlangoni na lile koti jeusi, mvua inamtiririka. Wouter alidhani mzee kaja kugombana, akashika mlango vizuri. Baba alisimama kwenye kizulia cha kufutia miguu na kusema, “Mama yako. Ulikuwa unamwambiaje?” Wouter hakuelewa, akamuuliza anamaanisha nini. Baba akasema, “Binti yangu anayo. Sina neno la kumwambia. Nimeyamaliza yote kwenye mambo ya ovyo.”

Wouter alimwingiza ndani. Walikaa saa mbili. Aliniambia alimpa kahawa na biskuti moja kama desturi yetu, kisha akalifungua kopo tena na kumpa ya pili. Akamweleza kwamba mama yake alikuwa akichukia watu wanaonong'ona, wale wanaosema “ile hali” na “huo ugonjwa wako” na kutazama dirishani. Alitaka uitwe kwa jina lake, kwa sauti ya kawaida, halafu aulizwe kama unauma na angependa kula nini. Hayo mawili tu. Baba alimwomba ayarudie, akayaandika nyuma ya ile karatasi ya hotuba.

Alikuwa ameshafika kwenye ngazi, alisema Wouter, ndipo alipogeuka kama mtu aliyesahau mwavuli, akasema, “Na samahani, kijana. Ile ya dirishani. Na ile ya maiki.” Nilimuuliza Wouter kama amemsamehe. Hapa kwetu watu hawapambi maneno, unajua. Alisema bado hajui, ataona, lakini kahawa wamekunywa. Funguo bado ziko kwa Lineke na mimi siendi kuziomba.

Leo mchana nikasikia mtu anabisha hodi. Nilidhani ni jirani, maana Baba hajawahi kubisha hodi mlangoni pangu tangu nihamie. Alikuwa yeye, na sufuria ya supu ya njegere, ile nzito ya Mama ambayo kijiko kinasimama chenyewe ndani yake. Akaiweka mezani juu ya gazeti. Akaketi, akaweka mikono magotini kama yuko kwa daktari. Nikaona jasho kwenye paji la uso. Kisha akaniuliza, polepole, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake:

“Hiyo kansa, Corrie. Inauma?”

Miaka hamsini na miwili nimelisikia neno lile kutoka kwake kila siku ya Mungu, na leo ndiyo mara ya kwanza analisema. Nikamjibu kwamba hapana, bado haiumi, wanapasua tarehe tatu Desemba na baada ya hapo ni dawa, na daktari ana matumaini. Akaitikia kwa kichwa, akachungulia karatasi yake chini ya meza akidhani simwoni, akaniuliza ningependa kula nini. Nikamwambia supu si hii hapa, Baba. Akasema, “Eh. Basi kula.”

Nilikula. Yeye alinitazama mpaka bakuli likaisha, akachukua sufuria, akashuka. Ngazi zetu unazijua, ile ya nne kutoka chini iliyolegea. Nikasikia akijikwaa, nikasikia sufuria inaruka na kubingirika mpaka mlangoni, nami nikashika ukingo wa meza nikisubiri lile neno lipande ngazi. Halafu kutoka chini kabisa, kwa uchungu wote wa mtu aliyeumia goti: “Kabichi!”

Ndipo nikalia, Dada, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Sitakuambia uje. Safari ni ndefu na kondoo wana wenyewe. Lakini kitanda cha chumba cha nyuma nimekitandika, na ukija mwanzoni mwa Desemba utamkuta Baba hana pa kwenda Jumamosi, anapika supu mpaka tumeota njegere, na anahitaji mtu mwingine wa kumkosoa maana mimi nitakuwa nimelala. Ukinipigia simu, nakuomba kitu kimoja: usininong'oneze. Uliza kama inauma, uliza nimekula nini, halafu unikatize kama kawaida yako.

Msalimie shemeji, umwambie goti lisimzuie kukupeleka uwanja wa ndege. Kondoo nao wasalimie, hata yule mwenye sikio moja. Baba anasema ongeza kwamba kosa analo, kidogo.

Mdogo wako akupendaye,

Corrie